Fundi wa kompyuta kwa mkataba hapa Lubumbashi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Sisi ni mafundi wachache wa Lubumbashi. Tunaangalia kompyuta, mtandao na usalama wa data wa biashara ambazo hazina kazi ya kutosha kumweka fundi mmoja mwezi mzima: maduka ya dawa, depo, shule, zahanati, wadeklaranti (mawakala wa forodha) wanaoshinda njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Maswali tumeyaacha karibu na jinsi wateja wanavyoyauliza, hata yale ya ukali.

Nikiwalipa kila mwezi, mnafanya nini hasa? Mbona siwaoni?

Swali la haki. Kazi yetu ikienda vizuri huoni kitu, na mtu anayelipia kisichoonekana lazima aulize.

Kila mwezi tunapitia kila mashine. Masasisho yameingia? Diski inaanza kutoa dalili za kufa? Nakala za mafaili zimekwenda? Kuna akaunti ya mtu aliyeacha kazi ambayo bado inafunguka? Katikati ya mwezi mkikwama mnatupigia, na mara nyingi tunaingia kwenye mashine tukiwa kwetu, kwa programu kama AnyDesk, nanyi mnatazama kila tunachobofya. Printa ikigoma kabisa, tunakuja.

Tusiyoyafanya: hatubadilishi vioo vya simu, na hatufungui WhatsApp ya mke wala ya mume wa mtu. Hilo la pili tunaombwa kuliko mnavyodhani.

Nina mpwa wangu anajua kompyuta. Kwa nini niwalipe ninyi?

Mpwa anaweza kuwa fundi kutuzidi. Tatizo linaanza siku anapopata kazi Kolwezi.

Depo moja ya Kampemba ilituita Jumatatu asubuhi. Kijana aliyewafungia kila kitu (ruta, kamera, baruapepe, programu ya stoku) alikuwa ameondoka miezi miwili nyuma. Hakuiba, hakugombana na mtu. Ila baruapepe ya kampuni aliifungua kwa namba yake mwenyewe ya simu, na namba ile aliitupa alipohamia mtandao mwingine. Patroni alipotaka kuingia kutoka kompyuta mpya, Google ikatuma namba za kuthibitisha kwenye laini ambayo haiko tena mkononi mwa mtu. Tulihangaika wiki tatu. Kamera tulizirudisha kwa kubonyeza kile kitundu cha nyuma kwa pini na kuanza upya. Baruapepe ya miaka minne haikurudi.

Basi hata ukibaki na mpwa, na wala hatukukatazi, fanya hivi wiki hii. Nunua laini moja ya kampuni, isajiliwe kwa jina lako au la kampuni, simu yake ya vitufe ikae kazini. Akaunti zote ziunganishwe na laini hiyo. Maneno ya siri yaandikwe kwenye karatasi, karatasi iingie kwenye bahasha, saini ipite juu ya gundi, na bahasha ilale kwenye kabati lako la chuma. Tunajua umeambiwa usiandike neno la siri popote. Waliokuambia walikuwa wanaifikiria ile karatasi iliyobandikwa pembeni ya skrini.

Biashara yangu ni ndogo. Mwizi wa mtandaoni atanionea wapi?

Hakutafuti. Ana programu inayobisha kila mlango, na anaingia ule uliofunguka. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilianza kuenea, vikafunga kompyuta za hospitali za Uingereza na kusimamisha kazi kwenye viwanda vya Renault huko Ufaransa. Havikuwa na orodha ya majina. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba tundu lile tangu Machi mwaka uleule; aliyeliweka alilala salama, aliyeliahirisha akaamka na skrini nyekundu.

Lakini tuseme ukweli wa hapa kwetu. Kwenye kazi zetu, wadukuzi si wa kwanza kwenye orodha ya wanaoharibu. Wa kwanza ni umeme. Wa pili ni kle ya USB, yaani flashi. Wa tatu ndiyo ile barua ya ankara ya uongo, na huyo ndiye anayebeba pesa nyingi kuliko wenzake wote.

Umeme unaingilia vipi usalama wa data?

Data iliyopotea imepotea, iwe imechukuliwa na mwizi au na SNEL, kampuni yetu ya umeme.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili la stoku linabaki nusu. Ukirudi, unarudi kwa kishindo: volti zinapanda na kushuka kabla hazijatulia kwenye 220, na kishindo hicho ndicho kinachochoma. Kwa hiyo mashine yenye hesabu lazima iwe na onduleri, kile kisanduku cha betri, na ruta nayo iingie humo humo. Onduleri haikupi mchana wa kazi. Inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima vizuri, zitumie kwa hilo. Betri yake huchoka baada ya miaka mitatu hivi, hata kama taa ya kijani bado inawaka. Tunapoijaribu tunachomoa waya wa ukutani mbele yako. Mara nyingi mashine inazima papo hapo, na patroni anatutazama kama sisi ndio tulioiharibu.

Kuanzia Novemba radi zinapoanza, chomoa pia waya wa mtandao unaotoka kwenye antena ya paa. Watu wanachomoa umeme na kuusahau huo. Radi inaingia kwa antena, inapita kwenye waya, inaua ruta na kila kilichochomekwa humo.

Na ralonji, waya wa kurefushia umeme: moja isichomekwe kwenye nyingine, nayo isibebe friji na kompyuta pamoja. Hilo halihitaji mkataba.

Kompyuta inakataa kurasa za mtandao, inasema si salama. Nimedukuliwa?

Tazama saa kwanza.

Kompyuta ya zamani ina betri ndogo ya duara ndani, CR2032, inayokumbuka tarehe mashine ikiwa imezimwa. Ikifa, mashine inaamka ikiamini ni mwaka wa nyuma kabisa, na kila tovuti inaonekana kama inatoa kitambulisho kisichofaa. Betri hiyo inauzwa bei ya chini na inabadilishwa kwa dakika kumi. Tumeona mtu aliyekwisha kulipa mtu mwingine "kufuta virusi" mara tatu kwa sababu yake.

Kuna na kasoro ambayo ni yetu sisi watu wa huku. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Mtu anafungua mashine mpya, anakuta imewekwa majira ya Kinshasa, anasogeza mshale wa saa kwa mkono. Kwa macho saa ni sahihi, ila kwa ndani mashine inaamini dunia nzima imesogea saa moja. Ukifanya hivyo kwenye simu yenye programu ya namba za kuthibitisha, zile zinazobadilika kila sekunde 30, namba zote zitakataliwa na utaapa kwamba umeibiwa akaunti. Usisogeze saa, badilisha eneo la saa. Kwenye simu tafuta Lubumbashi. Kwenye Windows chagua mstari wenye Harare na Pretoria, halafu iache ijirekebishe yenyewe.

Nimechomeka kle ya USB, folda zote zimegeuka vijishale. Mafaili yamepotea?

Hapana, yapo. Virusi vimeyaficha na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Kila unapobofya kijishale, folda inafunguka kweli, kwa hiyo hushtuki, lakini hapo hapo virusi vinajinakili kwenye kompyuta. Kle inayofuata itakayoingia itaondoka navyo.

Hutoka wapi? Nenda kwenye vibanda vya kupiga chapa na fotokopi siku ya kuandikisha wanafunzi, hesabu kle ngapi zinaingia kwenye kompyuta moja kwa saa moja. Mwalimu anapeleka mtihani kuchapwa, anarudi na mtihani pamoja na zawadi.

Usiibofye na usiifute upya, maana hapo ndipo mafaili yanapotea kweli. Ichomoe, utuletee. Kuanzia hapo, kle ya kwenda kuchapa iwe ya kwenda kuchapa tu, isibebe kitu kingine. Au tuma faili kwa WhatsApp.

Mtu wa nje ametuma ankara na namba mpya ya benki. Nitajuaje kama ni kweli?

Kwa simu. Hakuna njia nyingine tunayoiamini.

Mama mmoja anayeagiza vigae China alipokea ankara, yaani faktire kama tunavyoiita hapa, ndani ya mazungumzo yaleyale ya baruapepe, kwa kiasi kilekile walichokubaliana, ikiwa na nembo ileile. Kilichobadilika ni benki tu: akaunti ya kawaida, waliandika, iko kwenye ukaguzi. Aliyeokoa pesa ni mhasibu wake, na hakutumia programu yoyote. Alisema tu, "Mama, yule Mchina siku zote anakuita rafiki. Leo amekuita mheshimiwa." Wakapiga namba iliyoandikwa kwenye kadi ya zamani ya yule muuzaji. Hakuwa amebadilisha benki.

Tulipokuja tulikuta mambo mawili. Anwani iliyotuma ilikuwa na r na n pale palipotakiwa m. Kwenye skrini ya simu, rn na m ni mapacha. La pili lilikuwa baya zaidi. Ndani ya baruapepe ya mama mwenyewe kulikuwa na amri aliyoiweka mtu: kila barua inayotaja malipo, nakala yake itumwe nje. Wezi walikuwa wamekaa humo wakisoma taratibu, wakisubiri kontena. Waliingia kwa neno la siri ambalo mama alilitumia pia kwenye tovuti nyingine.

Kwa wateja wetu tunaweka utaratibu wa namna hii: namba ya benki ikibadilika, mtu anapiga simu kwa namba ya zamani na kusikia sauti anayoijua. Barua ikisema usipige simu kwa sababu tuko mkutanoni, piga mara mbili. Baruapepe ya mkuu na ya mhasibu zinafungwa kwa uthibitisho wa hatua mbili, ili neno la siri peke yake lisitoshe. Pesa ikishatoka kwenda nje, ipigie benki yako saa ileile, si kesho. Ikishatolewa kule, tusikudanganye, sisi hatuwezi kuirudisha.

Na M-Pesa, Airtel Money, Orange Money?

Kompyuta haihusiki sana hapo. Wizi unapita kwenye mdomo: mtu anapiga, anasema amekutumia pesa kwa makosa au yuko huduma kwa wateja, anaomba PIN au namba iliyoingia kwa SMS. Hakuna mtu wa mtandao anayehitaji PIN yako. Kwenye kabine (vibanda vya kutuma na kutoa pesa) na madukani tunashauri simu ya kupokelea pesa isiwe simu ambayo watoto wanachezea, na salio litazamwe kwenye akaunti yenyewe, maana SMS yoyote inaweza kuandikwa na yeyote.

WhatsApp ya biashara nayo ina namba zake sita. Ukimtumia mtu zile zilizoingia kwa SMS, umempa duka na wateja wake. Washa PIN ya hatua mbili kwenye mipangilio, kisha tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Mara nyingi kompyuta ya siber, kibanda cha intaneti, uliyoitumia siku zilizopita bado imo.

Antivirasi ya bure inatosha?

Ile inayokuja na Windows inatosha kwa wengi, ikiwa inasasishwa. Mbili kwenye mashine moja zinapigana, na mashine inakuwa konokono.

Windows yangu ni ya kuvunja, haikulipiwa leseni. Ina shida gani? Inafanya kazi.

Inafanya kazi, ndiyo. Swali ni kile kiprogramu kilichoivunja: kabla ya kukiendesha uliambiwa uzime antivirasi. Ulimfungulia mgeni mlango na kumfunga mbwa. Wengine huingia, hufanya kazi yao na kuondoka. Wengine hubaki.

Hatuji na fimbo. Kwa mteja mwenye mashine nane hatuwezi kusema nunua leseni nane kesho. Tunaanza na mashine ya hesabu na ya patroni. Zilizobaki, kama kazi yake ni kuandika barua na kusoma tovuti, zinaweza kwenda Linux (badala ya Windows) na LibreOffice (badala ya Word na Excel), ambazo ni za bure kihalali. Wafanyakazi hunung'unika wiki mbili.

Windows 10 nayo, hata ya halali, Microsoft ilisimamisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi zinazouzwa mjini kama mitumba ya Ulaya haziingizi Windows 11 kwa njia ya kawaida kwa sababu prosesa ni ya zamani au hazina TPM 2.0, kijisehemu cha usalama ambacho Windows 11 inakidai. Kabla ya kununua, tutumie picha ya karatasi ya nyuma. Kuangalia picha hatutozi.

Nakala ninazo, kwenye diski ya nje. Bado mnataka nini?

Tunataka kuona faili moja likirudi kutoka humo.

Hapa tutasema kosa letu wenyewe. Mwaka wetu wa kwanza tulimwekea mteja diski ya nje, tukaiacha imechomekwa usiku na mchana ili nakala ziende zenyewe. Tulijiona hodari. Virusi vya kudai fidia vilipoingia, vilifunga kompyuta kisha vikapita moja kwa moja hadi kwenye diski, maana kwa virusi ile ilikuwa folda nyingine tu. Tulirudisha kazi ya miezi mitano kutoka karatasi na baruapepe za zamani, bila malipo, tukiwa na mhasibu aliyekuwa haongei nasi.

Tangu hapo tunashika kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na jengo. Kwa duka dogo maana yake ni faili lenyewe, diski mbili zinazopokezana (moja kazini, nyingine nyumbani kwa patroni, zibadilishane kila Ijumaa), na mafaili ya hesabu peke yake yakienda mtandaoni usiku. Video za harusi za wafanyakazi haziendi, mega ni ghali. Na kila miezi mitatu tunachagua faili moja kwa bahati nasibu, tunalirudisha mbele yako, unalifungua mwenyewe.

Skrini imeandika kwamba mafaili yamefungwa, nilipe. Nilipe?

Chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, usizime mashine, piga simu. Usiandikiane nao kabla hatujafika.

Kulipa tunashauri hapana: anayepokea ni mwizi, na hana duka utakaporudi kulalamika. Kwa baadhi ya virusi vya aina hii funguo zimeshapatikana na hutolewa bure na No More Ransom, mradi ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama. Tunaangalia huko kwanza. Ikiwa ufunguo wako haumo, tunarudi kwenye diski za Ijumaa.

Kuna sheria inayonihusu?

Ndiyo. Kongo ina Kanuni ya Dijitali, amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayogusa data binafsi za watu na makosa ya mtandaoni. Zahanati na shule zisome kwa makini, na kwa maana ya kila kipengele muulize wakili, si sisi.

Mtaona hesabu zangu zote?

Tukitaka, tungeweza. Anayeshika funguo za nyumba anaweza kuingia, na fundi anayekuambia vingine anakudanganya. Ndiyo maana mkataba una ukurasa wa siri, kila fundi wetu anaingia kwa jina lake mwenyewe ili ionekane nani aliingia na saa ngapi, na AnyDesk haifunguki bila mtu wa kwako kubofya kukubali. Ukiona tumeingia usiku bila kukuarifu, tuulize, na kama jibu halikuridhishi, tufukuze.

Bei?

Tunahesabu kwa mashine kwa mwezi, kwa dola au kwa franka za siku hiyo, TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ikionyeshwa kando. Kabla ya kutaja bei tunakuja kuona, kwa sababu ofisi ya mashine tano zenye umeme mzuri ina kazi ndogo kuliko ya mashine tatu zinazoishi kwenye ralonji moja. Ukilinganisha ofa yetu na ya mwingine, usitazame tarakimu peke yake. Muulize nani atapokea simu, ndani ya muda gani, lini mara ya mwisho alirudisha faili kutoka kwenye nakala, na ukimwacha unaondoka na nini.

Na nikitaka kuwaacha ninyi?

Notisi ya mwezi mmoja, bila sababu. Siku ya mwisho tunakaa mezani na wewe, au na fundi wako mpya, tunafungua bahasha na kupita akaunti moja moja. Kila neno la siri linabadilishwa, nanyi mnaandika jipya sisi tukiwa tumegeuka. AnyDesk tunaifuta mkiona. Diski ni zenu, laini ni yenu. Karatasi ya zamani mnaiharibu wenyewe. Mteja mmoja wa Katuba alitoka nayo nje, akaiweka kwenye mbabula ya mama aliyekuwa akichoma mahindi mbele ya duka, akasubiri hadi ikawa majivu ndipo akarudi kutusainia.